Nano ya mimea: inaoza kweli? Na ikiingia kifuani je?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya nanoselulosi, yaani ile selulosi ya mmea iliyochambuliwa mpaka nyuzi zake zinakuwa ndogo kiasi kwamba unywele wako ukiuweka pembeni yake unaonekana gogo la mnazi. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, na mengi yana hofu ya kweli ndani yake, hofu ya mtaji, ya mtoto, ya samaki. Nimechukua sita. Majina tumeyaacha, nimebakisha mji tu.

SWALI (Morogoro): Habari mwalimu. Mi nauza vifungashio hapa mjini, vifuko, boksi za keki, karatasi za chipsi na kadhalika. Kuna msambazaji kaniletea sampo za vifuko laini vinang'aa vizuri, anasema ni vya nano ya mmea na vinaoza vyenyewe hata ukivitupa mtaroni, anasema toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 hii ndo biashara inayokuja. Bei yake imechangamka ila mimi na mke wangu tuna akiba kidogo tunataka tuweke huko. Je vinaoza kweli au naingizwa mjini?

JIBU: Ndugu yangu, hela ya ndani ya nyumba haitoki kwa maneno ya msambazaji, kwahiyo nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujamjibu huyo bwana.

Kwanza ukweli ulio upande wake. Nanoselulosi yenyewe inaoza. Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi, sukari ileile iliyoko kwenye wanga wa ugali, tofauti ni namna zinavyoshikana mikono tu. Kwenye wanga zinashikana kwa mshiko ambao mate yako na utumbo wako vinaufungua, kwenye selulosi moja imegeukia juu inayofuata imegeukia chini, na sisi binadamu kimeng'enya, yaani kile kitu cha mwilini kinachokatakata chakula, cha kufungua mshiko huo hatukupewa. Ukungu wanacho, bakteria wa tumboni mwa ng'ombe na mbuzi wanacho, mchwa nao wanacho, ndo maana mchwa anakula mlango wako akashiba. Wakati wa vita ya pili ya dunia wanajeshi wa Marekani kule Visiwa vya Solomon walikuwa wanaona mahema yao ya pamba yanaoza mikononi, wakachukua sampo, ndo akapatikana ukungu ambao leo unaitwa Trichoderma reesei na vimeng'enya vyake vinatumika viwandani mpaka kulainishia jinzi. Kwahiyo wa kuila selulosi wapo kila kona yenye unyevu.

Na kuwa nano hakuizuii kuoza. Mwaka 2011 mtafiti Klaus Kümmerer na wenzake walichapisha majaribio ya kwenye maji, waliweka fuwele ndogo za selulosi na za wanga pamoja na vijibomba vya kaboni vya nano. Vile vya kaboni havikuoza hata kidogo. Fuwele za selulosi na wanga zilioza, tena zilianza haraka kuliko selulosi na wanga wa kawaida kwasababu kitu kikiwa kidogo sana eneo la kung'atwa linakuwa kubwa. Lakini watafiti haohao walisema wazi kwamba kile kipimo cha kuitwa kinachooza kirahisi, asilimia 60 ndani ya siku 28, hazikukivuka kwa raha. Yaani inaoza, ila usimwambie mteja itayeyuka wiki ijayo.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua na hizo sampo zako.

Shangazi yangu yuko Jambiani, Unguja, kazi yake toka msichana ni usumba. Maji yakikupwa wanawake wanaenda na makumbi ya nazi wanayafukia kwenye mchanga wa pwani, wanayakandamiza na mawe, wanayaacha miezi, hata nusu mwaka na zaidi. Siku ya kufukua harufu inakufuata mpaka nyumbani, nguo unafua mara mbili. Wanayaponda kwa rungu, ile nyama laini ya kumbi imeoza yote inaondoka na maji kama uji mweusi, ila nyuzi zenyewe ziko palepale, ngumu, wanazianika kisha wanasokota kamba. Ukiniuliza, hapo ndo somo lote lilipo. Kumbi ni mmea mtupu, hakuna kiwanda hakuna kemikali, na bado baada ya miezi yote hiyo sehemu imeoza na sehemu haijaoza, kwasababu nyuzi za nazi zina lignini nyingi inayoifunga selulosi kama saruji inavyofunga nondo, na kwasababu chini ya ule mchanga wenye maji hewa haifiki na ukungu bila hewa hafanyi kazi. Kwahiyo mtu akikwambia inaoza, swali lako la kwanza liwe inaozea wapi. Mtaroni? Kwenye mboji? Baharini? Dampo ambalo limeshindiliwa hewa haipiti?

La pili, muulize hicho kifuko ni nanoselulosi kwa asilimia ngapi. Mara nyingi nanoselulosi inatiwa kidogo tu kwenye kitu kingine ili kukipa nguvu au kuzuia hewa isipenye, unakuta asilimia moja, tano, labda kumi. Kama zile 95 zilizobaki ni polietilini au polipropilini basi nano itaoza na plastiki itabaki, tena itabaki imekatika vipande vidogo ambavyo hata kuviokota huwezi. Sisi tumeshapitia haya na mifuko yetu ya sokoni ile inayofanana na kitambaa, watu wengi bado wanaamini ni nguo, kumbe ni polipropilini imegandamizwa, ukichoma ncha inayeyuka na kutona.

La tatu ni kemia waliyoifanyia. Na hapa nakupa mfano unaoukanyaga kila siku: kichungi cha sigara. Ile pamba nyeupe ya mwisho wa sigara inatokana na selulosi, na selulosi hiyo kwa kawaida ni ya mti. Lakini kiwandani kila glukosi yenye mikono mitatu huru imefungwa karibu mikono miwili na nusu kwa kemikali iitwayo asetati, kwahiyo kimeng'enya cha ukungu kikija hakipati pa kushika. Kichungi kinakaa miaka kwenye mchanga wa ufukweni. Ni mmea kwa asili na ni takataka kwa tabia. Nanoselulosi nayo hufanyiwa mambo ya namna hii ili ichanganyike na plastiki au izuie maji, na kadri unavyoifunga mikono zaidi ndivyo unavyoiondolea sifa ya kuoza.

Pia kama vifuko vinang'aa na mafuta hayapenyi, uliza wamepaka nini. Karatasi za vyakula za kuzuia mafuta kwa miaka mingi zilikuwa zinapakwa kemikali za familia ya PFAS ambazo haziozi kabisa, na ni Februari 2024 tu mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipotangaza kwamba haziuzwi tena sokoni kwao kwa matumizi hayo. Wewe unauza karatasi za chipsi, hili lakuhusu moja kwa moja.

Akikuletea cheti soma vizuri. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka asilimia 90 ya kifungashio igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi sita, sawa, ila hiyo ni kwa mboji ya kiwandani yenye joto la kama nyuzi 58. Mtaro wa Morogoro hata mchana wa Desemba haufiki huko. Kuna nembo nyingine za mboji ya nyumbani ambazo zinapimwa kwa joto la kawaida na kwa muda mrefu zaidi, hizo ndo zinakaribia maisha yetu. Asipokuwa na cheti chochote, na asipoweza kukutajia asilimia, usiweke hiyo akiba. Chukua vifuko kumi uvifanyie jaribio nililoeleza kwenye swali la mwisho hapo chini, mtaji wako utakusubiri.

SWALI (Tanga): Mwanangu mwalimu, hujambo. Mimi ni mama mtu mzima, kijana wangu wa mwisho yuko chuo anafanya utafiti wa mkonge, anachukua singa, zile nyuzi zake, anazipika na dawa na asidi halafu anakausha zinakuwa unga mweupe kama sembe, anasema ni nano. Likizo amekuja nyumbani na kichupa kutuonyesha akakifungua mezani ule unga ukapaa. Marehemu baba yake alifanya kazi chumba cha brashi kwenye shamba la mkonge miaka 19, alikohoa mpaka anaondoka. Nilivyoona ule unga moyo ulinipasuka. Ananiambia mama usiogope ni mmea tu. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa mzee. Macho yako yameona kitu sahihi, na mwanao naomba asome hapa yeye mwenyewe.

Vumbi la mmea linaumiza kifua, hilo halihitaji nano. Mkonge ukitoka korona, ile mashine ya kuchuna majani yabaki nyuzi, na kuanikwa unaenda kwenye brashi, na pale kwenye brashi ndo vumbi linakuwa zito kuliko sehemu zote. Wapo watafiti waliopima wafanyakazi wa mkonge hapahapa Tanzania wakakuta kikohozi na kubanwa kifua ni vingi zaidi kwao, na pumzi imepungua. Wa viwanda vya pamba nao duniani kote wana ugonjwa wao unaojulikana toka zamani, kifua kinabana zaidi siku ya kwanza ya wiki baada ya mapumziko. Sehemu kubwa ya madhara hayo inaletwa na mabaki ya bakteria wanaokaa kwenye nyuzi, siyo selulosi peke yake, na nyuzi zilizopikwa vizuri maabara zina uchafu huo mdogo. Kwahiyo kile cha mzee na hiki cha kijana siyo kitu kimoja, mama. Lakini kila kimoja kina hatari yake.

Hatari ya unga wa kijana ni hii. Mapafu hayana kimeng'enya cha selulosi. Kitu ambacho udongo unakimaliza kwa wiki kadhaa, kifua hakina namna ya kukimeng'enya. Miaka ya 1990 Wajerumani waliwawekea panya nyuzi za selulosi mapafuni wakafuatilia, na hesabu yao ikaonyesha nusu ya nyuzi ingehitaji kama siku 1000 kuondoka, na panya mwenyewe umri wake ndo huo. Baadaye, kwenye miaka ya 2010, panya waliowekewa fuwele za nano za selulosi mapafuni walipata uvimbe wa ndani wa kujihami. Kwenye asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoharibu mapafu, tulijifunza kwamba vinavyoua ni vitatu vikikutana: uzi mwembamba, uzi mrefu, na uzi usioyeyuka mwilini. Seli walinzi wa mapafu wanaweza kummeza mvamizi mfupi na kumtoa, akiwa mrefu kuwazidi wanashindwa, wanabaki wanamshambulia bila mwisho. Fuwele za selulosi ni fupi mno, kwa za miti ni nanomita mia moja mpaka mia mbili hivi kwa urefu, na milimita moja ina nanomita milioni, kwahiyo kwenye urefu hazifanani na asbesto. Zile nyuzi za nano ndefu zinazojikunja na kushikana ndo zinahitaji umakini zaidi. Mi sisemi ni asbesto mpya, ushahidi hausemi hivyo. Nasema neno mmea siyo kinga ya pafu.

Na dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri: maji. Nanoselulosi nyingi inatengenezwa na kuuzwa ikiwa ute mzito kama uji wa mlenda, maji zaidi ya asilimia 90, na ikiwa hivyo hairuki. Hatari inaanza inapokaushwa, kusagwa, kupigwa msasa, kumiminwa. Kijana afanye kazi ikiwa mbichi kila inapowezekana, na ikibidi kukausha afanyie ndani ya kabati la kuvuta hewa, avae barakoa ya N95 iliyokaa vizuri usoni, ile ya kitambaa haifai hapa, na meza afute kwa kitambaa kibichi, asifagie na asipulize. Vile viwango vya vumbi la selulosi vilivyowekwa Marekani, miligramu 5 kwa mita ya ujazo kwa lile linalofika ndani ya mapafu, viliwekwa kwa vumbi la kawaida la karatasi na mbao, asijifariji navyo. Na hicho kichupa, mama, kirudi maabara kikiwa kimefungwa. Meza ifute kwa maji.

SWALI (Mombasa): Salaam. Hapa mtaani kuna jamaa auza matone ya maji rangi ya chai hafifu, asema ni fedha ya nano iliyotengenezwa kwa majani ya muarubaini, yaani ni nano ya mimea haina kemikali, mtu anywe matone kumi asubuhi atibu tumbo, ngozi, presha, kila kitu. Mamangu ashaanza kuyanywa. Je yana dhara?

JIBU: Mwambie mama aache leo. Nasema hivi kwa heshima yake na ya mwarobaini, mti ambao na mimi nimekuzwa kwa majani yake.

Kinachofanyika ni hiki. Mtu anachemsha majani, anachuja, anamimina maji yale kwenye nitrati ya fedha. Vile vitu vichungu vya kwenye jani vinaibadili ile chumvi kuwa chembe ndogo sana za madini ya fedha, na maji yanageuka manjano kisha kahawia mbele ya macho yako. Ni jaribio zuri, wanafunzi wengi wa kemia wanalifanya, na ni kweli linaepusha kemikali nyingine kali ambazo zingetumika badala ya jani. Lakini mwarobaini hapo umefanya kazi ya mpishi, kilichoko chunguni ni fedha. Haitokani na mmea, haiozi, haina pa kuozea kwasababu ni madini, itabadilika tu kutoka umbo hili kwenda lile. Kwenye maji machafu huwa inashikana na salfa na kutulia, ila ikiwa bado inaachia ioni zake, yaani vijichembe vya fedha vyenye chaji ya umeme, inaua bakteria wazuri na wabaya bila kuchagua, na wale wadudu wadogo wa majini wanaoliwa na samaki wanaathirika kwa kiasi kidogo sana, mikrogramu kwa lita.

Kwa mtu anayekunywa muda mrefu fedha inajikusanya chini ya ngozi na ngozi inageuka rangi ya kijivu yenye ubuluu, haitoki tena. Mamlaka ya dawa ya Marekani toka 1999 ilishasema dawa za namna hii zinazouzwa bila cheti cha daktari haziwezi kuhesabiwa salama wala zenye kufanya kazi. Kama mama ana presha aendelee na dawa zake za kliniki, na akiona kucha au ufizi umeanza kubadilika rangi aende hospitali na hicho kichupa mkononi.

SWALI (Maskati): Huku madukani kuna juisi zina vipande kama jeli vya kutafuna, nata de coco. Nimeambiwa ni nano. Wanangu wanazipenda. Nizikataze?

JIBU: Usizikataze kwa sababu hiyo. Ni kweli ni nano, ni selulosi inayofumwa na bakteria kwenye maji ya nazi yaliyotiwa sukari, nyuzi zake ni za kiwango cha nano, na Wafilipino wameila kwa miongo mingi. Hata vidonge unavyomeza ukiumwa kichwa vingi vimeshikiliwa na unga wa selulosi. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilizipitia upya selulosi zinazotiwa kwenye chakula haikuona sababu ya kuweka kikomo cha kila siku. Na kuna watafiti wa Harvard waliowalisha panya nanoselulosi kwa wiki tano, wakachapisha 2019, madhara hawakuyaona ya kutisha. Kundi hilohilo waliwahi kuonyesha pia kwamba inapunguza ufyonzwaji wa mafuta tumboni, kwahiyo kama siku moja itaanza kutiwa kwa wingi kwenye chakula cha watoto wadogo nitataka kusikia habari ya vitamini zinazosafiri na mafuta kwanza. Kwa vipande vya kwenye juisi, sukari ya juisi yenyewe ndo ingenipa wasiwasi kuliko vile vipande.

SWALI (Mwanza): Mwalimu kuna kikundi chetu cha vijana ziwani, tumeambiwa magugu maji yanaweza kutengenezwa nanoselulosi na tukapata hela, wengine wanasema hizo nano zikirudi ziwani zitaua samaki na sisi wote tunakula ziwani. Tufanye au tuache?

JIBU: Vijana wangu, mmeuliza swali zuri ila hofu mmeiweka sehemu siyo. Samaki hawauliwi na fuwele za selulosi, angalau siyo kwa kiasi ambacho mtaweza kukimwaga. Kule Kanada kabla ya kufungua kiwanda cha nanoselulosi cha CelluForce pale Windsor, Quebec, kiwanda cha tani moja kwa siku ambacho kilianza 2012, walipima kwanza, majibu yakachapishwa 2010: walijaribu kwa seli za ini za samaki aina ya trauti na kwa viumbe kadhaa wa majini, sumu yake ikaonekana ni ndogo. Nawasifu kwa huo mpangilio, kupima halafu kujenga.

Kinachoua samaki ni maji ya kuoshea. Njia ya kutoa fuwele iliyoanza kwa mkemia Bengt Rånby wa Sweden mwaka 1949 inatumia asidi ya salfa, na leo mapishi yanayotumika sana ni asidi ya asilimia 64 hivi, joto nyuzi 45, chini ya saa moja, kisha unaizimisha kwa maji mara kumi yake. Fanyeni hesabu wenyewe, lita moja ya asidi inawaachia zaidi ya lita kumi za maji makali yasiyofaa hata kumwagia majani, na hapo hamjaanza kuosha, na kuosha kunachukua siku kadhaa. Kabla ya hapo mmeshapika magugu kwa magadi makali ya sodiamu hidroksidi na kuyapausha kwa klorini. Viwanda vikubwa vina mitambo ya kuirudisha asidi itumike tena. Nyie mna mapipa. Asidi inaweza kuzimwa kwa chokaa ikawa jasi, lakini lazima kuwe na mtu wa kupima, bwawa la kutulizia, na mahali pa kuipeleka jasi yenyewe.

Halafu magugu maji siyo mmea wa kuuamini hivihivi. Toka ulipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 umekuwa ukinywa kila kinachoshuka kutoka mijini na migodini, mizizi yake inakusanya madini mazito kama risasi. Mkikata mizizi mkabaki na mashina mmepunguza tatizo, hamjalimaliza, na mabaki ya kupikia yanahitaji kupimwa kabla hayajageuzwa mbolea ya mchicha.

Kwahiyo kwa kikundi cha vijana wasio na maabara, mi nasema msianze na nano. Anzeni na biogesi, gesi ile inayotokana na samadi au mabaki ya mimea yakiozeshwa. Pale Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yalishaanza kuzalisha gesi na umeme toka miaka ya 2000, na kumbukeni kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki chote kilikuwa kinatupwa. Magugu maji nayo yanatoa gesi. Akija mtu wa chuo anataka kufanya nano na nyie, muulizeni kwanza atayaweka wapi maji ya kuoshea, akiwaonyesha kwa kidole upande wa ziwa mwambieni hapana.

SWALI (Dodoma): Mi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Nawezaje kujua mwenyewe kama kitu kinaoza bila vifaa vya gharama?

JIBU: Swali hili nimelipenda, na yule ndugu wa Morogoro nae asogee.

Tafuta mahali penye udongo mweusi wenye unyevu, chini ya mgomba panafaa sana, mgomba unamwagiwa maji ya vyombo kila siku kwahiyo wadudu wapo. Tafuta chandarua kilichochakaa, kikate mifuko midogo ya kiganja. Chandarua hakiozi, kazi yake hapa ni kukutunzia sampo ili hata ikikatika vipande usivipoteze. Mfuko wa kwanza weka kipande cha pamba halisi, na usichukue kanga yoyote tu, kanga nyingi saivi zimechanganywa poliesta, choma uzi mmoja kwanza: pamba inanuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, poliesta inaacha donge gumu. Mfuko wa pili weka kipande cha mfuko wa plastiki wa kawaida. Wa tatu weka hicho unachotaka kukipima. Kila kipande kikaushe juani na ukipime kwenye mzani wa sonara kabla, andika. Tengeneza seti tatu, siyo moja, maana moja inaweza kuchimbwa na kuku.

Fukia kwa kina cha kiganja na nusu. Mwagilia. Seti ya kwanza fukua baada ya mwezi, ya pili miezi miwili, ya tatu minne. Suuza taratibu, kausha, pima tena. Pamba yako inatakiwa ianze kutoboka na kupoteza uzito, plastiki ibaki vilevile, na sampo yako utaona iko karibu na nani kati ya hao wawili. Angalia sana kitu kimoja: kama sampo imekatikakatika lakini ukijumlisha vipande uzito ni uleule, hiyo haijaoza, imevunjika tu, na ni mbaya kuliko ingebaki nzima. Kama imepungua nusu halafu ikasimama miezi yote iliyobaki, yawezekana kilichoondoka ni ile sehemu ya mmea na kilichobaki ni plastiki.

Na kama pamba nayo imetoka nzima kama ulivyoifukia, usiandike kwamba sampo haiozi. Udongo wako ni mkavu au umekufa. Tafuta mgomba mwingine, mwagilia vizuri, anza upya.